KUNUKUU MANENO YA DAKTARI UKIWA NYUMBANI: FAIDA YAKE NA MITEGO YAKE



Kila mzazi aliye na mtoto aliyemaliza sekondari analijua swali linalofuata: kazi iko wapi? Hapa Gisenyi majibu ya zamani yanahesabika. Kuna chai ya Pfunda, kuna kiwanda cha bia kilichoanza mwaka 1957, kuna mahoteli ya ukingoni mwa Ziwa Kivu, na kuna biashara ndogo ndogo ya kuvuka mpaka kwenda Goma. Sasa limekuja jibu jipya. Vijana wetu wanaambiwa kwamba wanaweza kukaa nyumbani, wakachapa kwenye kompyuta maneno ya madaktari wa nchi za mbali, na wakalipwa fedha za kigeni. Wengine wanatakiwa watoe fedha kwanza ndipo waandikishwe. Mzazi anajiuliza: niuze mbuzi nimlipie, au niache?

Katika ukurasa huu tunaeleza kazi hiyo ilivyo, inavyolipwa, na mahali ambapo mfanyakazi hupunjwa. Nia yetu si kuwatisha vijana wala kuwasifia jambo. Nia yetu ni kwamba anayeingia aingie macho wazi.

KAZI YENYEWE NI NINI

Daktari akimaliza kumpima mgonjwa, hana budi kuacha maandishi: mgonjwa alilalamika nini, amepimwa nini, ameonekana na ugonjwa gani, amepewa dawa gani na kwa kiasi gani. Katika nchi nyingi za ng'ambo, daktari hasumbuki kuandika yote kwa mkono. Huyasema katika kinasa sauti au simu, na sauti hiyo hupelekwa kwa mtu wa kuiandika. Mtu huyo ndiye tunayemwita mnukuzi wa tiba.

Mnukuzi huvaa visikizi masikioni, husikiliza na kuchapa. Mguuni huwa na kikanyagio, mfano wa kile cha cherehani, cha kusimamisha sauti na kuirudisha nyuma, ili mikono isiondoke kwenye vibonye. Akimaliza huisoma taarifa upya, huisahihisha, kisha huirudisha hospitali kwa intaneti.

Kazi hii si mpya. Zamani wapiga chapa walikaa ndani ya hospitali na kanda zao za kaseti. Katika miaka ya 1990 makampuni ya Marekani yalianza kuipeleka India, na baadaye Ufilipino, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ujira mdogo. Ya pili ni saa. Daktari wa New York akimaliza kazi saa kumi na mbili jioni, hapa Rwanda ni saa sita au saa saba usiku. Taarifa ikiandikwa huku asubuhi, daktari huyo akiamka ataikuta tayari mezani.

ELIMU INAYOTAKIWA

Tangu mwaka 2008 Serikali ya Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza, na kwa hiyo vijana wengi wana Kiingereza cha shule. Lakini Kiingereza cha daktari ni kitu kingine. Maneno yake mengi yametoka katika Kigiriki na Kilatini, nayo hujengwa kwa vipande. Kwa mfano, kipande hepat ni ini, na kipande itis ni uvimbe wenye maumivu. Ukiviunganisha unapata hepatitis, yaani uvimbe wa ini. Anayejifunza vipande hivyo mmoja mmoja anaweza kuelewa maelfu ya maneno asiyowahi kuyaona.

Hatari iko katika maneno yanayofanana. Hypertension ni presha ya kupanda, hypotension ni presha ya kushuka. Sikio likikosea silabi moja, mgonjwa anaandikiwa kinyume cha ugonjwa wake. Ilium ni mfupa wa nyonga, ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo, na hayo mawili hutamkwa sawasawa kabisa. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Anayechapa moja badala ya nyingine amezidisha au amepunguza dawa mara elfu. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kazi hii ni hii: usichosikia vizuri usikikisie. Acha nafasi, weka alama, daktari ajaze mwenyewe.

Mambo haya hayafundishwi kwa wiki mbili. Yanataka miezi mingi ya kusikiliza, kuchapa na kusahihishwa. Anayewaahidi vijana kazi baada ya mafunzo ya siku chache anauza ahadi tu.

MALIPO: MSTARI NI KAMA KILO

Wachumaji wa chai wataelewa jambo hili upesi kuliko watu wote. Chai hupimwa kwa kilo, na maneno ya daktari mara nyingi hupimwa kwa mstari. Lakini mstari huu si ule unaouona kwa macho kwenye karatasi. Kwa desturi ya kazi hii, mstari mmoja ni herufi 65 pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno.

Tuchukue mfano. Taarifa ina herufi 3,250 pamoja na nafasi. Gawanya kwa 65: ni mistari 50. Sasa mwajiri akisema kwamba yeye hahesabu nafasi, na nafasi ni 520, zinabaki herufi 2,730, yaani mistari 42. Kazi ni ile ile, uchovu ni ule ule, lakini mistari minane imepotea mzanini. Mchumaji anayesimama karibu na mzani aone kilo zake anajua kwa nini mnukuzi naye anapaswa kuuliza mapema: mstari wenu ni herufi ngapi, na nani anahesabu?

Swali la pili ni muda. Kuandika saa moja ya sauti huchukua saa kadhaa, na mwanafunzi huchukua nyingi zaidi. Daktari akisema upesi, au kinasa sauti kikiwa kibovu, mistari ni ile ile lakini saa zinaongezeka. Muda wa kutafuta tahajia ya jina la dawa haulipwi. Muda wa kungoja kazi iletwe haulipwi.

Swali la tatu ni gharama. Kiwandani, mashine ikiharibika ni juu ya mwenye kiwanda. Nyumbani, kompyuta ni yako, umeme ni wako, fedha za intaneti ni zako. Tunakumbuka Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka na matetemeko yakapasua nyumba za Rubavu, watu wakahama. Msiba wa namna hiyo ukimkuta mnukuzi wa kulipwa kwa mstari, siku asizochapa ni siku zisizo na chakula. Basi ujira wa kweli hupatikana hivi: jumla ya malipo ya mwezi, toa gharama zote, kisha gawanya kwa saa zote ulizokaa mezani, si zile za kuchapa peke yake. Linganisha jibu hilo na kibarua kingine kabla ya kusema kwamba umepata kazi.

MNYORORO WA MADALALI

Tunaeleza sasa kisa kilichotokea kweli, Oktoba 2003. Hospitali ya Chuo Kikuu cha California huko San Francisco ilikuwa ikitoa kazi yake ya kunukuu kwa kampuni moja. Kampuni hiyo ikampa sehemu ya kazi mtu wa Florida. Huyo akampa mtu wa Texas. Na huyo wa Texas akampa mwanamke mmoja wa Karachi, Pakistani, ambaye ndiye aliyechapa. Kila mkono ulikata fungu lake, na wa mwisho hakulipwa. Mwanamke huyo akaiandikia hospitali kwamba asipolipwa atatangaza siri za wagonjwa hadharani, na akaambatisha taarifa chache kuonyesha kwamba anazo. Baada ya kupewa sehemu ya fedha zake aliondoa tishio hilo.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza: mnyororo ukiwa mrefu, jasho la anayechapa hufika mbali lakini fedha hazimfikii, na hata hospitali haimjui anayeiandikia. La pili: alikuwa na haki ya kudai ujira wake, lakini mgonjwa hakuwa mdeni wake. Siri ya mgonjwa haifai kuwa silaha ya madai. Mfanyakazi aliye peke yake, asiye na chama wala mkataba, ndiye anayefikishwa mahali pa kushika silaha mbaya kwa kukosa iliyo njema.

Siri yenyewe inalindwa na sheria. Marekani ina sheria ya mwaka 1996, na Rwanda ina sheria namba 058 ya mwaka 2021 juu ya hifadhi ya habari za watu binafsi. Kwa hiyo kazi hii haifanyiki kwenye duka la kompyuta la barabarani, wala katika chumba ambamo majirani na watoto wanapita nyuma ya kioo cha mashine. Familia inayolala chumba kimoja ilifikirie jambo hili kabla ya kununua kompyuta.

MASHINE INAYOSIKIA

Kuna jambo ambalo waandikishaji hawalisemi. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazosikiliza sauti na kuiandika zenyewe. Hospitali nyingi za Marekani zinazitumia, na idara ya takwimu za kazi ya nchi hiyo inatazamia kwamba wanukuzi wa tiba watazidi kupungua. Kazi inayobaki zaidi ni ya kusahihisha kile mashine ilichoandika, na kwa kawaida mstari wa kusahihisha hulipwa chini ya mstari wa kuchapa.

Hata hivyo mashine haijamwondoa binadamu kabisa. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza kwamba programu moja iliyokuwa ikitumiwa hata mahospitalini ilikuwa ikiongeza maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasema. Anayejua tiba, lugha na usikivu bado anahitajiwa. Lakini kijana asiambiwe kwamba hii ni ajira ya maisha. Aichukue kama ujuzi unaoweza kumpeleka kwingine, kwa mfano kwenye kazi ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kutumia programu ya kumbukumbu iitwayo OpenMRS, mwaka 2006 huko Rwinkwavu, na kumbukumbu za kompyuta zinataka watu wanaojua majina ya magonjwa na wanaochapa bila makosa.

UPWEKE NDIO ADUI

Kiwandani, mtu akikatwa mshahara humuuliza mwenzake wakati wa kula. Nyumbani hana wa kumuuliza. Machi 2024, vijana wengi wa Kenya waliokuwa wakifanya vibarua vya kompyuta majumbani kupitia mtandao wa Remotasks walifungiwa mlango bila mazungumzo yoyote. Hapakuwa na ofisi ya kwenda wala msimamizi wa kuulizwa. Lakini Nairobi hiyo hiyo, tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za mitandao walikutana wakapiga kura ya kuunda chama chao. Kazi ya kompyuta haizuii watu kuungana.

Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 177 juu ya kazi za nyumbani mwaka 1996. Unasema kwamba mfanyakazi wa nyumbani atendewe sawa na wengine katika haki ya kujiunga na chama, ujira, usalama kazini, hifadhi ya jamii, mafunzo na uzazi. Pendekezo namba 184 la mwaka huo huo linaongeza kwamba masharti ya kazi yaandikwe, na kwamba mfanyakazi arudishiwe gharama kama za umeme, mawasiliano na matengenezo ya mashine. Nchi zilizouridhia ni chache. Hiyo ni kazi mbele yetu sisi wa vyama.

KABLA YA KUANZA

1. Usitoe fedha ili uajiriwe. Mwajiri wa kweli hulipa, halipwi. Ada ya mafunzo ni jambo jingine, nayo iwe na risiti na muda unaojulikana.

2. Dai masharti kwa maandishi: mstari ni herufi ngapi, bei yake, siku ya kulipwa, makato ya makosa, na nani anayelipa.

3. Uliza kazi inatoka wapi. Kama kati yako na hospitali kuna madalali watatu, rudi nyuma.

4. Andika daftari lako mwenyewe la kazi na saa, kila siku.

5. Kumbuka uzee. Mwenye mwajiri huchangiwa pensheni. Tangu Januari 2025 mchango ni asilimia 12 ya mshahara, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi. Anayejitegemea hana wa kumchangia. Basi alipe mituweli yake na aweke akiba, kwa mfano katika Ejo Heza, ambayo hata asiye na mwajiri huruhusiwa.

6. Usikae peke yako. Vijana watano wa mtaa mmoja wakikutana kila wiki kulinganisha malipo yao, tayari wameanza chama.

Tunarudi kwa mzazi na mbuzi wake. Usimuuze ili mtoto aandikishwe na mtu usiyemjua. Kama ni lazima auzwe, basi anunue Kiingereza na ujuzi wa kuchapa, kwa sababu hivyo haviondoki hata kazi ikiondoka. Na mtoto huyo akishaanza kuchapa, mwonyeshe njia ya kufika chamani kama wewe ulivyoonyeshwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.