Waalimu Wetu Wadogo

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya waalimu wasio na cheti wala mshahara, nao wamo katika nyumba zetu nyingi: watoto wadogo, wale ambao hawajafika bado umri wa kwenda shule. Desturi yetu sisi watu wazima ni kuwafundisha wao. Twawafundisha kuamkia wakubwa, kunawa mikono, kusali, na kunyamaza wageni wajapo. Ni vema, na mzazi asiyefanya hivyo atajuta baadaye. Walakini wanafunzi walipobishana juu ya ukubwa, Bwana hakuwatolea hotuba ndefu, aliwaonyesha mtoto. Nasi twapenda sana kuisikia habari hiyo kanisani, kisha twarudi nyumbani na kuwafukuza watoto barazani, kwa sababu watu wazima wana maneno yao.

Tuanze na jambo la kuanguka.

Mtazame mtoto wa mwaka mmoja, yule aliyekwisha kusimama dede na sasa ajaribu kwenda. Huinuka kwa kushika ukingo wa kitanda, hujitupa mbele hatua tatu, huketi chini kwa kishindo, hugeuka kutazama kama kuna aliyemwona, kisha huinuka tena. Mwaka 2012 Karen Adolph, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha New York, pamoja na wenzake, walitoa habari za watoto wa miezi 12 mpaka 19 waliohesabiwa hatua zao walipokuwa wakicheza kwa hiari yao. Waliona ya kwamba, kwa wastani, mtoto hupiga hatua 2,368 katika saa moja, na katika saa hiyo huanguka mara 17. Basi mtoto achezaye saa sita kwa siku hupiga hatua zaidi ya 14,000, naye huanguka mara mia. Kesho yake hufanya vivyo hivyo, wala hapana amwambiaye kwamba ameshindwa.

Ni nani kati yetu awezaye kukosea mara mia mchana mmoja, mbele ya watu, kisha akaamka asubuhi na furaha ya kuanza tena?

Twamkumbuka mzee mmoja, umri wake wapata miaka 50, aliyekuja katika darasa la jioni la watu wazima. Haja yake ilikuwa moja tu, nayo ni kuzisoma barua za mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mbali. Amechoka, alituambia, kumpelekea jirani barua zake, maana siri za nyumba yake zapita kwanza katika kinywa cha mtu mwingine kabla ya kufika masikioni mwake. Alikuja majuma matatu bila kukosa hata siku moja. Jioni moja alisimama kusoma ubaoni, akazichanganya herufi mbili zinazofanana, akasema "dada" palipoandikwa "baba". Vijana wawili walioketi nyuma wakacheka. Mzee naye akacheka, akaketi, akakunja daftari lake. Hakurudi tena.

Tulikwenda kumwamkia nyumbani kwake. Alitukaribisha uji, akasema ya kuwa macho yake yamekuwa mabovu, hayawezi tena ubao. Lakini tulipofika tulimkuta akitunga uzi katika sindano, tena jua lilikuwa karibu kuchwa. Na hapo uani palikuwa na mjukuu wake, anajifunza kwenda. Wakati sisi twanywa uji alianguka mara nne, na kila mara mzee aliweka bakuli lake chini, akapiga makofi, akasema, "Simama, baba, simama!" Mtoto akasimama.

Tulirudi kimya njiani. Tulikuwa tumekwenda kumhimiza mzee awe na moyo kama wa mtoto, na tuliyoyaona pale uani yalikuwa mengine. Yule mtoto hana ushujaa wa ajabu. Aanguka kati ya watu wanaompigia makofi. Mzee alianguka kati ya watu waliomcheka, na sisi tuliosimama na chaki mkononi hatukuwanyamazisha wale vijana, maana, tuseme kweli, na sisi tulikuwa karibu kucheka. Jambo hilo latusumbua hata leo. Tulimwomba radhi mzee siku nyingine, naye akatusamehe kwa upole mwingi, lakini darasani hakuja, na barua zake zaendelea kusomwa na jirani.

Jambo la pili ni msaada. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa huko Leipzig, Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, waliandika habari za watoto 24 wenye umri wa miezi 18. Mbele ya mtoto mtu mzima huanika nguo, kibanio kikamponyoka, akanyosha mkono asikifikie; au huchukua mzigo wa vitabu mikononi, akafika kabatini asiweze kuufungua mlango. Hakumwita mtoto wala hakumwahidi kitu. Watoto 22 kati ya 24 walisaidia angalau mara moja: wakaokota, wakafungua mlango. Na mtu yule alipokitupa kibanio chini kwa kusudi, watoto hawakujishughulisha nacho sana. Yaani waliitambua haja ya mtu, hawakuwa wakiokota okota tu. Miaka miwili baadaye, 2008, wataalamu hao walionyesha ya kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa kitu cha kuchezea kuwa ujira wa msaada wao, baadaye walisaidia kidogo kuliko wale ambao hawakupewa kitu.

Akina mama wasomao ukurasa huu hawana haja ya kwenda Leipzig kwa ajili ya habari hii. Mtoto wa miaka miwili aonapo ufagio, autaka. Aonapo mtungi, huleta kikopo chake. Lakini afagiapo huzitawanya takataka, na maji humwagika njiani, nasi twaona kazi inachelewa, twamwambia, "Toka hapa, nenda ukacheze." Hutii. Baada ya miaka kumi twalalamika kwa majirani ya kuwa huyu mtoto ni mvivu, hashiki ufagio mpaka atukanwe, na akiagizwa dukani huuliza kwanza atapewa nini. Alikuja kuomba kazi zamani, akaambiwa kazi hakuna.

Msidhani twasema ya kuwa watoto ni malaika. Aliyelea pacha ajua wanavyonyang'anyana kijiko, na ya kuwa mtoto wa miaka mitatu aweza kukana kula sukari na hali sukari imo kidevuni. Hugombana kuliko sisi. Ila ugomvi wao haudumu. Kuna ndugu wawili, watoto wa mama mmoja, tuwajuao sana, ambao hawajaamkiana miaka minne sasa kwa sababu ya mpaka wa shamba, na kitu kinachogombewa ni upana wa mashina mawili ya migomba. Watoto wao huchezea hapo hapo mpakani. Asubuhi walipigana kwa ajili ya mpira wa matambara, adhuhuri tuliwaona wakila muhogo mmoja. Hatuwezi kusema ni kwa nini baba zao hawawezi. Mambo ya urithi yana mizizi mirefu, nasi si wazee wa baraza. Twasema tuliyoyaona tu.

Lakini somo lililotuchoma kuliko yote ni hili la mwisho, nalo lahusu hasa wenzetu waalimu.

Katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kipo kisiwa cha Ngamba, ambapo hutunzwa sokwe waliopoteza mama zao. Victoria Horner na Andrew Whiten, wa Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti, waliandika mwaka 2005 jinsi walivyowaonyesha sokwe wa hapo sanduku lenye zawadi ndani. Mtu alichukua kijiti, akakichomeka kwanza katika tundu la juu, kisha katika tundu la mbele, akaitoa zawadi. Sanduku lilipokuwa la kitu kiangavu, kila mwenye macho aliweza kuona ya kwamba lile tundu la juu halifiki popote. Sokwe waliliacha, wakaenda moja kwa moja mbele. Watoto wa Kiskoti wa miaka mitatu na minne, walipoonyeshwa sanduku kama hilo, walichomeka kijiti juu kama walivyoonyeshwa, ndipo wakaenda mbele.

Mtu aweza kucheka na kusema sokwe wamewashinda watoto kwa akili. Sisi twaona vingine. Mtoto huamini ya kwamba mkubwa hafanyi jambo bure. Kwa imani hiyo hujifunza lugha, na kupika, na kusuka ukili, na heshima zote za watu wake ambazo hawezi kuelezwa sababu yake. Na kwa mlango huo huo hupokea na upuuzi wetu.

Katika nyumba yetu yumo mtoto wa kike wa miaka minne. Jumamosi moja tulimkuta nyuma ya jiko amepanga magunzi ya mahindi safu mbili, kumi na moja kwa hesabu yetu, naye amesimama mbele yao na kijiti. Anafundisha shule. Tulisimama nyuma ya ukuta ili tufurahi. Akaliuliza gunzi moja, "Mbili na mbili?" Gunzi likanyamaza. Akainamisha kichwa upande, akavuta pumzi puani, akasema pole pole, "Ninyi wa nyuma mtakufa wajinga." Kisha akalipiga.

Sauti ilikuwa ya mtoto, lakini maneno yalikuwa yetu, na kichwa kile kilivyoinama ni kichwa chetu. Mtoto huyu hajaingia darasani mwetu hata siku moja. Husikia kupitia dirishani, maana nyumba na shule zimepakana. Miaka mingapi tumesema maneno hayo, na kwa watoto wa watu wangapi, hatujui. Hatukuyasikia mpaka aliposema yeye.

Tangu siku hiyo tumejaribu kuushika ulimi. Si rahisi, hasa saa ya mwisho ya mchana, na darasa limejaa. Juma lililopita magunzi yalipangwa tena nyuma ya jiko, tukaenda kusikiliza kwa hofu kidogo. Lile la nyuma likaulizwa hesabu yake, likanyamaza kama kawaida yake. Mwalimu akalitazama sana. "Haya, jaribu tena," akasema. Akangoja kitambo. Kisha akalipiga, lakini polepole.