Mzigo wa neno 'kurithi'

Majuzi mwanafunzi wangu wa zamani alinijia ofisini akiwa na majonzi. Alikuwa ameposwa, kisha wakwe watarajiwa wakapata habari kwamba babake ana mgongo uliokakamaa na kupinda. "Ugonjwa wa kurithi huo," wakasema, na mipango ya harusi ikasimama. Alitaka kujua mwalimu wake wa lugha ana lipi la kusema.

Mimi si tabibu. Maneno, hata hivyo, ndiyo kazi yangu, na hili limetwishwa mzigo usio wake. Anayerithi ng'ombe hupewa ng'ombe mzima, pembe na mkia. Ugonjwa haurithiwi hivyo.

Maradhi ya mzee yule huitwa ankilozing spondilaitisi. Kinga ya mwili huzusha uvimbe katika uti wa mgongo pasipo adui wa kupigana naye, hata pingili zikaweza kushikana. Mnamo 1973 watafiti wa London waliwapima wagonjwa 75. 72 kati yao walikuwa na alama ya kurithiwa iitwayo HLA-B27. Ushahidi mzito, bila shaka. Lakini aghalabu wenye jeni hiyo huishi na kuzeeka bila kuugua. Fauka ya hayo, jeni yenyewe ni adimu miongoni mwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, na wako wanaougua bila kuwa nayo.

Basi ni nini kingine kinachohitajika? Mnamo 1990 wanasayansi wa Texas waliwapandikiza panya jeni hiyo ya binadamu, nao wakaugua matumbo na viungo. Mwaka wa 1994 ikabainika kwamba panya wa ukoo uo huo, waliolelewa mahali pasipo bakteria hata mmoja, matumbo na viungo vyao vilibaki salama. Jeni ilikuwamo, wakazi wa utumbo ndio waliokosekana. (Ngozi zao ziliugua vivyo hivyo, kwa hivyo tusikimbilie kuwatwika bakteria lawama zote.)

Sikumficha binti yule kwamba mtoto wa mgonjwa yumo hatarini kuliko wengine. Nilimwambia pia kwamba akiamka na mgongo mkavu kwa majuma mengi, ukalegea anapotembea, amwone daktari mapema, kwani dawa za kutuliza uvimbe zipo.

Nilimwandikia haya katika ukurasa mmoja, mjomba wake akawapelekea wazee wa upande wa pili. Jibu bado halijarudi.