DAWA ZA WAZEE NA UGONJWA WA KISUKARI: TUSHIKE LIPI, TUACHE LIPI?



Katika viwanda vya Gitega na kwenye vituo vya kuoshea kahawa vya Muyinga, swali moja hurudi mara kwa mara. Mwenzetu akipimwa na kuambiwa ana kisukari, je, afuate hospitali au afuate mganga wa miti shamba? Jibu letu tunaliweka hapa mwanzoni, ili hata asiyemaliza kusoma alipate: chakula cha wazee tukishike, majani ya wazee tuyatumie kwa tahadhari, na mwenye kuandikiwa insulini asiiache hata siku moja kwa sababu ya majani.

Kisukari ni nini?

Chakula tunachokula hugeuka sukari na kuingia katika damu. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini. Insulini ndiyo hufungulia sukari mlango iingie mwilini na kuwa nguvu ya kazi. Insulini ikikosekana, au mwili ukiacha kuitii, sukari hubaki katika damu na kuharibu macho, figo, moyo na mishipa ya miguu.

Dalili zake ni kiu kisichoisha, kukojoa mara nyingi, kukonda, uchovu, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona. Waganga wa kale wa Uhindi waliona siku nyingi kwamba sisimizi hukusanyika penye mkojo wa mgonjwa huyu, wakauita ugonjwa wa mkojo wa asali. Leo tunacho kipimo cha damu. Mtu ambaye hajala tangu jana usiku, akipimwa mara mbili na kukutwa na miligramu 126 au zaidi katika desilita moja ya damu, ana kisukari.

Tusidanganyane kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri wanene. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina inayowapata watu wembamba waliokosa lishe ya kutosha. Mchuma kahawa anaweza kuupata sawasawa na mkubwa wa ofisi.

Chakula cha wazee ni kinga

Wazee wetu hawakuwa na mashine ya kupima damu, lakini sahani yao ilikuwa na akili. Maharage, lengalenga, sombe, nyanya chungu, uji wa ulezi na mtama usiokobolewa: vyakula hivi vina nyuzinyuzi, na sukari yake huingia katika damu polepole. Tena mtu alilima na kutembea, na msuli unaofanya kazi huila sukari.

Leo mwenzetu wa zamu hutoka nyumbani bila kula. Saa nne hunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari pamoja na andazi, mchana soda, jioni bia. Na urwarwa au impeke visihesabiwe kuwa dawa kwa sababu tu ni vya kienyeji. Navyo ni pombe.

Kuna mfano kutoka mbali unaotuhusu sana. Wenyeji wa asili waitwao Wapima wanaishi Arizona, Marekani, na ndugu zao wa damu wanaishi milimani huko Mexico. Wale wa Arizona walinyang'anywa maji ya mto Gila katika karne ya 19, mashamba yao yakakauka, wakaishia kula vyakula vya kuletewa. Wale wa Mexico waliendelea kulima kwa mikono na kula maharage na mahindi yao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa watu wazima 38 katika kila 100 huko Arizona, na karibu 7 tu katika kila 100 huko Mexico. Damu ni moja. Kazi na chakula ni tofauti. Kwa hiyo anayemlaumu mgonjwa kwamba amejitakia aulize kwanza nani alichukua shamba, maji na muda wa kupika.

Majani nayo?

Wengi wetu tunaujua umubirizi, ule mti wa majani machungu, na umwishwa unaotambaa. Hatuwadharau wanaovitumia. Majaribio ya maabara kwa wanyama yameonyesha kwamba mimea hii inaweza kushusha sukari. Hata metformini, kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi duniani, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao galega. Lakini dawa ya kwanza iliyotolewa katika mmea huo ilikuwa na sumu ikaachwa. Ni mwaka 1957 ndipo daktari Jean Sterne wa Ufaransa alipotangaza matumizi ya metformini kwa wagonjwa.

Funzo ni kipimo. Kidonge hujulikana kina miligramu ngapi. Chungu cha majani cha leo si sawa na cha kesho. Ukichanganya majani makali na vidonge, sukari inaweza kushuka mno: mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa na kuanguka, pengine mbele ya mashine. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe upesi vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa hiyo:

1. Ukinywa majani, mwambie muuguzi bila kuona haya.

2. Usiache sindano wala vidonge kwa kuahidiwa kupona kabisa. Kabla ya insulini kupatikana Toronto mwaka 1921, mtoto mwenye kisukari cha kukosa insulini alikufa tu, na majani yalikuwapo.

3. Usikande miguu yenye ganzi kwa maji ya moto, wala usiichanje. Mguu hausikii, nawe utaungua bila kujua. Itazame kila jioni, na usiende shambani bila viatu.

4. Wenzetu Waislamu wanaotumia dawa wamwone daktari kabla ya Ramadhani.

Kazi ya chama

Shauri la kula vizuri ni maneno matupu ikiwa mfanyakazi hapewi nafasi ya kula. Tunawaomba wajumbe wa kila kituo wayapeleke kwa waajiri mambo haya: muda kamili wa chakula katika zamu; sufuria ya maharage na mboga mahali pa andazi na soda; viatu kwa wote wa mashambani; ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa mshahara; na mgonjwa asifukuzwe kwa sababu ya ugonjwa wake.

Mganga mwema naye tusimfanye adui. Yule anayemwambia mgonjwa, "Kula mboga, tembea, na dawa ya hospitali usiache," huyo ni mwenzetu. Yule anayesema, "Tupa sindano," mkimbieni.

Ndugu, mwenye kiu isiyoisha asingoje sisimizi wamjulishe. Aende akapimwe wiki hii, na mwenzake wa zamu amsindikize.