Malisho ya Msimu Katika Nyanda za Mashariki mwa Nairobi

Ardhi ya Nairobi inainamia mashariki. Magharibi yake kuna Vilima vya Ngong, vyenye kilele cha mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, pamoja na miinuko ya Kikuyu na Limuru. Kutoka huko ardhi inateremka kupitia Dagoretti na katikati ya jiji hadi Embakasi, ambako uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624, kisha inazidi kushuka taratibu kupita Njiru na Ruai hadi Mto Athi. Mito ya Mathare, Nairobi na Ngong hufuata mteremko huo huo, ikaungana mashariki na kuingia Athi, na maji yake huishia Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Malindi, yakiwa na jina la Sabaki.

Udongo nao hubadilika. Magharibi ni mwekundu, wenye kina na unaopitisha maji vizuri. Huo ndio uliobeba misitu na mashamba. Upande wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya jiji, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi uliolala juu ya mwamba wa volkano. Ukilowa huvimba na kunata, ukikauka hupasuka nyufa. Mkazi wa Kayole au Umoja anaujua: ndio unaokwamisha matatu wakati wa mvua na kupasua kuta za nyumba ambayo msingi wake haukufika kwenye mwamba. Miti mikubwa haistawi hapo, kwa kuwa maji hutuama na nyufa hukata mizizi. Nyasi hustawi sana. Mvua pia hupungua kadiri ardhi inavyoshuka: Dagoretti hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, Embakasi karibu robo pungufu. Kwa sababu hizo zote, mahali zilipo Buruburu, Donholm na Komarock palikuwa ukingo wa kaskazini wa nyanda za Athi-Kapiti, nchi ya nyasi na migunga mifupi inayoenea hadi ndani ya Kajiado na Machakos.

Katika milima ya Alps huko Uswisi na Austria, wafugaji hupandisha ng'ombe malisho ya juu mwezi Juni, theluji ikishayeyuka, na kuwateremsha Septemba. Kalenda yao hupangwa na baridi. Kalenda ya Athi-Kapiti hupangwa na mvua. Mvua za masika ziliponyesha kati ya Machi na Mei, na tena za vuli kati ya Oktoba na Desemba, Wamaasai wa Kaputiei walisambaa nyandani. Kiangazi kikikaza walirudi juu, kwenye kingo za misitu ya Ngong, kwenye vinamasi, na kando ya mito isiyokauka kama Mbagathi na mto wa Nairobi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasikae kandokando ya mito mwaka mzima. Sababu ni kadhaa na zote zina uzito. Nyasi fupi za nyandani, zikichipua baada ya mvua, zina virutubisho na madini mengi kuliko nyasi ndefu za mwinuko. Ng'ombe hunenepa na maziwa huongezeka. Maji ya mvua hujaa katika mabwawa madogo, kwa hiyo hakuna haja ya kusongamana mtoni. Kwenye unyevunyevu wa juu kuna kupe wengi wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama kwa wingi. Kisha kuna sababu kubwa kuliko zote: malisho ya mtoni yasipoguswa wakati wa mvua hukua na kuwa akiba. Anayeyala Aprili hana pa kukimbilia Septemba. Hata karibu na boma palitengwa sehemu ya ndama na mifugo dhaifu, iitwayo olopololi, ambayo makundi makubwa hayakuruhusiwa kuikanyaga.

Wanyamapori walifuata njia hiyo hiyo. Nyumbu na pundamilia huenda nyandani na mvua, hurudi kiangazi kwenye maji ya kudumu ya ile iliyokuja kuwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946. Ujirani huo una gharama yake. Nyumbu akizaa, ndama wake hueneza virusi visivyomdhuru yeye lakini ambavyo karibu kila mara humuua ng'ombe aliyeambukizwa, na tiba hakuna. Wafugaji wa Kitengela, kusini mwa mbuga hiyo, hulazimika kuondoa mifugo kwenye nyasi bora zaidi katika miezi ya kwanza ya mwaka na kuwaachia nyumbu. Ni hasara inayobebwa na familia za wafugaji kila mwaka, na inastahili kutajwa kila yanapozungumzwa mapato ya utalii.

Mfumo huu ulihitaji ncha zote mbili, ya juu na ya chini, pamoja na njia iliyo wazi katikati. Ncha ya juu ndiyo iliyokatwa kwanza. Sotoka iliua ng'ombe wengi mwanzoni mwa miaka ya 1890. Reli ilifika Nairobi Mei 1899. Mkataba wa 1904 na serikali ya kikoloni uliwaondoa Wamaasai kwenye malisho bora ya Bonde la Ufa na kuwaweka katika hifadhi mbili, Laikipia na kusini mwa reli. Ule wa 1911 ukawatoa Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani kupinga, kesi yao ilitupwa mwaka 1913. Jiji likakua juu ya maji yao ya kiangazi. Serikali ya kikoloni iliwawekea Wazungu udongo mwekundu wa magharibi na kuwapeleka Waafrika kwenye udongo mweusi wa mashariki: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni. Baada ya uhuru zikafuata Buruburu, Umoja na Dandora katika miaka ya 1970, na malisho ya Embakasi yakakatwa viwanja.

Kusini zaidi, sheria ya 1968 iliunda ranchi za pamoja, ambazo baadaye ziligawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi. Hapo ndipo uzio ulipoanza kuziba njia. Nyumbu wa Athi-Kapiti walikuwa zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2010 hawakufika 5,000.

Kwa kuwa ncha ya juu ya mfumo sasa ni jiji, kila ukame mkubwa huleta ng'ombe jijini. Ilikuwa hivyo mwaka 2000, 2009, na tena katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo. Makundi yaliyokonda huonekana kando ya barabara kuu, kwenye reli na viwanja vya wazi. Wenye magari hukasirika, lakini mchungaji wa makundi hayo hajapotea: anapanda kuelekea kwenye maji, kama babu zake walivyofanya. Ndani ya mitaa yenyewe, wanaofuga hununua marobota ya nyasi kavu au huacha mbuzi wajitafutie kwenye taka. Nyama nayo hufika kutoka mbali. Mbuzi wanaochinjwa katika mtaa wa Kiamaiko wengi hutoka kaskazini mwa nchi.

Mwaka 2000 ulianza Kitengela mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola nne kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio wala kuuza. Ulisaidia, ila malipo hayo hayakuweza kushindana na bei ya kiwanja karibu na jiji. Malisho yaliyobaki wazi kati ya mbuga na Kapiti hayatadumu isipokuwa kulipia nyasi kuwe na faida zaidi kwa mwenye ardhi kuliko kuikata viwanja vya nyumba.