Mji ulioponya ziwa lake, leo watoto wanaogelea

Je, msomaji mpenzi, ukiambiwa kuna mji ambao watoto wake huogelea ziwani mchana, na jioni familia zikapikia na kunywa maji ya ziwa hilo hilo, utaamini?

Mji huo upo. Unaitwa Annecy, nao uko mashariki mwa Ufaransa, kwenye miguu ya milima ya Alps, kilomita 40 hivi kutoka Geneva, Uswizi. Maji ya ziwa hilo huchujwa na kusafishwa, kisha hutiririka katika mifereji ya nyumbani.

Wengi wetu tukisikia jina Alps tunafikiria theluji na watu waliojifunika makoti mazito. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti huko ni majira ya joto. Theluji ya miteremkoni huwa imeyeyuka, na mwezi wa Julai shule hufungwa. Huku kwetu jua hutua saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Annecy, mwishoni mwa Juni, hutua mwendo wa saa tatu na nusu za usiku. Mzazi anayetoka kazini jioni bado ana muda wa kuwapeleka watoto majini.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 14 na nusu, na upana wake ni kilomita tatu na ushei. Liko mita 447 juu ya usawa wa bahari, chini kabisa kuliko Nairobi, lakini limezungukwa na milima mirefu. Mlima Tournette una mita 2,351. Mito inayoteremka kutoka milimani hulijaza, na pahali penye kina kirefu zaidi, mita 82, kuna chemchemi inayobubujika kutoka sakafuni mwa ziwa.

Kila mtu na lake

Sasa tuseme umefika huko na jamaa yako. Mtafanya nini?

Wasio na haraka hutandika shuka kwenye uwanja mpana wa nyasi uitwao Pâquier, kando ya maji, wakafanya mandari. Wanaotaka kuogelea huenda kwenye fuo, ambazo baadhi yake hazitozi kiingilio. Julai na Agosti maji ya juu hupata joto la nyuzi 20 na zaidi, kwa hivyo usiogope baridi. Wengine hukodi mashua za kukanyaga kwa miguu, kayaki au mashua za tanga.

Mwenye kupenda baiskeli naye hakusahaulika. Zamani palikuwa na reli kutoka Annecy hadi Albertville, iliyofunguliwa mwaka wa 1901. Treni za abiria zilipoacha kupita, njia ile haikuachwa iote magugu. Iligeuzwa kuwa barabara ya baiskeli isiyopitwa na magari, na huko Duingt inapenya ndani ya mlima kupitia handaki lile lile la treni. Kwa kuwa reli haikwei vilima vikali, hata mtoto wa darasa la pili huendesha bila kutweta.

Anayetaka kutweta basi na akwee Semnoz, mlima wa karibu mita 1,700 juu ya mji. Hapo ndipo mashindano ya Tour de France ya mwaka wa 2013 yalipofikia siku moja kabla ya kumalizika. Nairo Quintana wa Colombia alishinda mkondo huo, lakini aliyemaliza wa tatu alikuwa na sababu ya kutabasamu zaidi. Huyo alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye kesho yake alitawazwa bingwa jijini Paris.

Na wenye roho ngumu je? Hao hupanda hadi kipito cha milimani cha Forclaz, wakajifunga kwenye parashuti pana iliyo kama bawa, wakakimbia mteremkoni hadi ardhi ikawaishia. Mchana jua hupasha moto miteremko, hewa ya joto hupaa, nayo hulibeba bawa lile bila injini. Mgeni hufungwa pamoja na rubani mzoefu, wakatua salama Doussard, kwenye ncha ya kusini ya ziwa.

Wanafunzi wenye kipaji cha kuchora wana lao pia. Tangu mwaka wa 1960 mji huu umekuwa na tamasha la filamu za katuni linalojulikana dunia nzima. Hufanyika mwezi wa Juni, na usiku filamu huonyeshwa pale pale Pâquier, watu wakiwa wameketi nyasini.

Ziwa lililokuwa likifa

Usidhani, msomaji, kwamba haya yote ni zawadi ya Mungu na milima pekee. Miaka ya 1940 na 1950 ziwa hili lilikuwa likielekea kufa.

Hoteli na nyumba zilizidi kuongezeka kandokando, na uchafu wa vyoo na jikoni ulimwagwa ziwani. Maji taka yana virutubisho kama mbolea ya shambani. Mwani huvishiba, ukastawi kupita kiasi na kuyafanya maji kuwa mazito. Ukifa, huzama na kuoza, na kuoza huko humaliza hewa ya oksijeni kule chini. Samaki wa kina kirefu, kama omble chevalier anayependwa sana mezani, hukosa pumzi.

Aliyepiga kelele mapema alikuwa daktari, Paul Servettaz. Alieleza kwamba ziwa linaugua, na kwamba mgonjwa huyu hangepona kwa kuachwa tu. Mwaka wa 1957, chini ya meya Charles Bosson, Annecy na mitaa jirani ya ufuoni, minane kwa jumla, iliungana kuunda chama kimoja cha kulishughulikia ziwa.

Walichoamua kilikuwa rahisi kukieleza lakini kigumu kukitenda. Walilizungushia ziwa bomba kuu la maji taka. Kila choo na kila jikoni iliunganishwa nalo, na uchafu ukapelekwa kwenye mtambo wa kusafishia ulio chini ya mji. Hata yakishasafishwa, maji hayo hayarudi ziwani. Huingia mtoni na kwenda zake. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, katika miaka ya 1960 na ya 1970.

Jambo la kuzingatia ni hili: mtaa mmoja peke yake haungefaulu. Kama saba ingejenga bomba na wa nane ukaendelea kumwaga, ziwa lingebaki chafu. Na kama wangengoja hadi samaki waishe, gharama ingepanda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Yasiyopendeza

Si kwamba Annecy ni peponi. Siku za joto barabara ya kando ya ziwa hujaa magari, na wenyeji hunung'unika. Mawingu ya radi huweza kujikusanya milimani alasiri, na mwenye mashua akiyaona hana budi kurudi ufuoni haraka.

Aidha, waogeleaji wengine hupata mwasho wa ngozi. Husababishwa na viluwiluwi vya minyoo ya bata, ambavyo hutoka kwenye konokono wa majini. Minyoo hiyo ni jamaa ya ile ya kichocho tunayoijua huku kwetu, lakini ya bata hufia ngozini na haimdhuru mtu zaidi. Dawa ni kujikausha kwa taulo mara utokapo majini. Kichocho ni hatari zaidi; kama umeoga au kuogelea Ziwa Viktoria, mwone daktari akupime.

Nasi je?

Waama, wengi wetu hatutafika Annecy. Lakini sisi pia tuna maziwa, na likizo ya Agosti familia nyingi za mjini hufunga safari kwenda Naivasha, Kisumu au Baringo. Magugu maji yaliyovamia Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990 yalinawirishwa na maji taka na mbolea iliyosombwa kutoka mashambani. Ni ugonjwa ule ule aliouona Daktari Servettaz, ila kwetu ulivaa nguo nyingine.

Basi safari ijayo, mkishafika hotelini kando ya ziwa, kabla hamjaagiza samaki, mwambie mtoto wako amwulize meneja kwa adabu: "Maji ya choo chenu huenda wapi?" Akijibiwa vizuri, mshukuru meneja huyo na umrudie mwaka ujao. Akikosa jibu, jueni kwamba jibu liko ziwani, na mkachague pengine pa kulala.