Nani Mwenye Barabara? Waendao kwa Miguu na kwa Baiskeli Mjini Tanga

Azimio la Arusha la 1967, lilipoeleza hatari ya kutegemea mikopo, lilitoa mfano wa barabara za lami za mijini. Lilionyesha kuwa barabara hizo huwafaa zaidi wenye motokaa, lakini mkopo uliozijenga hulipwa kwa mazao ya mkulima. Na hata fedha za kigeni zilizonunulia motokaa yenyewe zimetoka kwa mkulima huyo huyo. Makada wengi tunaikumbuka vizuri miiko ya uongozi, lakini mfano huu wa lami tumeupita haraka. Hapa tunaurudia, na tunautazama kutoka Tanga, mji ambao mkonge wake kwa miaka mingi ulileta sehemu kubwa ya fedha hizo.

Asili ya mji

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule mkonge ulipoingizwa nchini. Reli ilifika Mombo mwaka 1905. Ilijengwa ili kuyafikisha mazao bandarini. Safari za Mwafrika hazikuwamo katika hesabu. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walikaa karibu na bahari, na Waafrika wakakatiwa viwanja Ngamiani, katika mitaa iliyonyooka na kupewa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea. Asubuhi mfanyakazi alikwenda kazini kwa miguu yake.

Lakini wananchi waliyageuza mazingira hayo yakawafaa. Ardhi ya Tanga ni tambarare, mitaa imenyooka, na umbali kutoka Makorora au Chumbageni hadi sokoni si mkubwa. Basi Tanga ikawa mji wa baiskeli. Wanazipanda wavuvi, mafundi, wanafunzi na wazee, na hata akina mama waliovaa mabaibui, jambo ambalo mgeni kutoka miji mingine hulistaajabia.

Baiskeli si alama ya umaskini

Wako ndugu wanaodhani kuwa mji ukiendelea baiskeli zitatoweka zenyewe. Fikra hiyo inapima maendeleo kwa vitu badala ya watu. Mwenye baiskeli anamiliki chombo chake mwenyewe. Halipi nauli kila siku, hahitaji mafuta yanayoagizwa kutoka nje, na kikiharibika, fundi wa mtaani hukitengeneza kwa zana chache. Barabara nayo haichakai kwa uzito wake.

Hata hivyo, tusiutukuze umaskini. Mama mwenye mtoto mgonjwa anayekwenda hospitali ya Bombo usiku hawezi kuambiwa apande baiskeli, wala mzee anayetoka Pongwe. Hao wanahitaji usafiri wa umma wa hakika na wa nauli nafuu. Kwa hiyo miguu, baiskeli na basi ni mambo matatu yanayotegemeana. Kila abiria wa daladala huanza na kumaliza safari yake kwa miguu. Akikosa njia salama ya kufika kituoni, basi halimsaidii.

Mgongano uliopo

Tangu 2010, chini ya Mradi wa Miji ya Kimkakati uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, barabara kadhaa za Tanga zimetiwa lami. Hayo ni maendeleo. Vumbi na matope yamepungua. Lakini lami huleta mwendo kasi, na mwendo kasi una kanuni yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Mtu akigongwa na gari lililo katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kwa kawaida hupona. Katika mwendo wa 50, hatari ya kufa huongezeka mara nyingi. Kwa hiyo lami isiyo na njia ya waendao kwa miguu humpa mwenye gari dakika chache, na dakika hizo humgharimu mtoto wa shule usalama wake.

Tangu 2010 pia, kanuni za leseni zimeruhusu bodaboda kubeba abiria. Vijana wengi wamepata riziki humo, na si haki kuwafanya maadui. Lakini bodaboda zilijaza pengo ambalo mpango wa usafiri wa umma ungepaswa kulijaza.

Na mji unakua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji la Tanga; ya 2022 ilihesabu 393,429. Stendi kuu ya mabasi iko Kange, nje ya katikati ya mji. Bandari imechimbwa kina zaidi, na Chongoleani ndipo mahali palipochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda. Malori yataongezeka. Tusipopanga sasa, wenye nguvu watajipangia wenyewe.

Fundisho la Dar es Salaam

UDA iliundwa mwaka 1974 ili kuwasafirisha wafanyakazi wa mji mkubwa, lakini ilidhoofika kwa uhaba wa mabasi na vipuri, na mabasi ya watu binafsi yakachukua nafasi. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi katika njia yao maalumu, na kando yake zilijengwa njia za miguu na za baiskeli. Fundisho ni mawili: nia njema bila vipuri na matengenezo haidumu, na nafasi ya barabara inaweza kugawiwa upya kwa faida ya wengi, mradi uamuzi uwepo.

Kazi ya makada

Kwanza, kila barabara inayojengwa iwe na njia ya miguu na ya baiskeli katika mchoro wake tangu mwanzo, kwa kuwa kuiongeza baadaye ni ghali. Pili, mbele ya shule, masoko na hospitali mwendo usizidi kilomita 30, na matuta na vivuko viusimamie. Tatu, mifereji ifunikwe na miti ya kivuli ipandwe, maana jua la pwani humfukuza mtembea kwa miguu kuliko umbali. Nne, njia za daladala zipangwe zifike Kange na pembezoni mwa mji kwa saa zinazojulikana. Tano, fedha za matengenezo zitengwe kila mwaka.

Hayo hayawezi kuamuliwa ofisini peke yake. Mwongozo wa 1971 ulitufundisha kuwa wananchi hushirikishwa katika kupanga, hawaiti tu mwitikio wa mipango iliyokwisha kupangwa. Basi tawi lihesabu lenyewe: asubuhi moja, katika barabara moja, ni wangapi wanapita kwa miguu, kwa baiskeli, kwa daladala, na ni wangapi kwa motokaa zao? Hesabu hiyo ipelekwe kwenye kikao cha kata, na ilinganishwe na upana wa barabara aliopewa kila mmoja. Hapo ndipo swali la nani mwenye barabara litakapopata jibu, nasi tutajua ni nani tuliyekuwa tukimjengea.