Mafunjo ya Nakivubo

Watoto wengi hudhani ya kuwa kinamasi ni mahali pa mbu na matope tu. Mbu wapo, sikatai. Lakini mjini Kampala, katika nchi ya Uganda, kiko kinamasi ambacho kwa miaka mingi kimewafanyia watu kazi kubwa bila ujira. Jina lake Nakivubo.

Kampala imejengwa juu ya vilima. Mvua inyeshapo, maji huteremka pamoja na taka za masoko na vyoo, yakaingia katika mfereji wa Nakivubo. Mfereji huyapeleka kinamasini, nayo hutokea Ghuba ya Murchison, katika Ziwa Victoria. Na katika ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, huvutwa maji ya kunywa ya mji. Basi kati ya choo na kikombe yasimama mafunjo.

Mafunjo husafishaje maji? Kwanza huyapunguzia mwendo. Jaribuni wenyewe: jazeni chupa mbili maji ya matope, moja mwitikise daima, ya pili mwiache juu ya meza. Ile iliyotulia itaweka tope chini. Lakini msiyanywe, maana vijidudu vya maradhi havionekani kwa macho.

Tena mizizi ya mafunjo hushikamana ikawa kama mkeka mnene unaoelea, na juu yake hukaa vijidudu vingine, visivyodhuru, ambavyo hula uchafu. Mafunjo yenyewe hufyonza naitrojeni na fosforasi. Vitu hivi shambani ni mbolea, bali vikizidi ziwani ni hasara: hustawisha mimea midogo ya kijani, nayo ikifa huoza na kumaliza hewa ya samaki. Ndiyo sababu yafaa mafunjo yaliyokomaa yakatwe, yafumwe mikeka. Yakiachwa kuoza, sehemu ya yale yaliyofyonzwa hurudi majini.

Lakini mafunjo hayawezi kusafisha maji yasiyoyagusa. Tuta la reli iendayo Port Bell hukikata kinamasi vipande viwili, na maji hupenya katika matundu machache tu. Tena watu wamefyeka mafunjo wapande magimbi, wakachimba mitaro ya kukausha ardhi. Siwalaumu upesi, maana magimbi hayo ni chakula cha watoto wao. Hata hivyo maji machafu yamefuata mitaro, yakakimbilia ziwani bila kupita mizizini. Iko elimu iitwayo ekohaidrolojia, ichunguzayo maji na viumbe kwa pamoja. Wenye elimu hiyo hushauri maji yatawanywe tena, yapite polepole kwa upana wote wa kinamasi, na mafunjo yarudishwe palipofyekwa.

Ghuba imechafuka, na kuyasafisha maji ya Ggaba kumekuwa kazi ya gharama kubwa. Siku hizi Kampala huletewa pia maji kutoka Katosi, mbali na ghuba hiyo, kwa mabomba marefu.